Baada ya Dozi ya Asubuhi: Nafasi ya Michezo Katika Tiba ya Uraibu

Anayeacha dawa za kulevya huacha mambo mawili kwa mpigo: dawa yenyewe, na kazi ya kutwa ya kuitafuta. La kwanza lina tiba inayojulikana. La pili husahaulika mara nyingi. Mtumiaji wa heroini, au unga kama unavyoitwa mitaani, huamka na arosto: makamasi, mifupa kuuma, tumbo kukata, jasho la baridi. Kuanzia hapo siku yake imeshapangwa. Atatafuta hela kwa kupiga debe kituoni, kubeba mizigo, kuokota vyuma chakavu, kuomba au kuiba. Atamtafuta mwenye kete, kisha mahali pa kuvutia au kujidunga. Atatulia saa chache na kuanza upya, mara tatu au nne kwa siku, bila Jumapili wala sikukuu. Siku anapoacha, ratiba hiyo yote hufutika, na kuanzia asubuhi hadi usiku hana la kufanya.

Pengo hilo ndilo linaloyapa mazoezi na michezo nafasi katika tiba ya uraibu. Faida za mwilini zipo na zimepimwa, ila zikisimama peke yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Faida kubwa iko katika saa ambazo michezo huzijaza na watu ambao huwakutanisha. Mpango wa tiba unaolielewa hilo hupanga michezo kwa namna moja. Usiolielewa humpa mgonjwa mpira mmoja na kumwambia akacheze.

Katika pwani ya Afrika Mashariki unga ulianza kuonekana miaka ya 1980, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilipogeuka njia za kupitishia mzigo uliokuwa ukielekea nchi za mbali. Sehemu ya mzigo huo ilibaki. Mwanzoni wengi waliuvuta, wakiuchanganya na bangi au tumbaku katika msokoto mmoja. Kufikia miaka ya 2000 kujidunga kulikuwa kumeenea, na kuchangia sindano kukasambaza VVU na homa ya ini aina ya C. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kuitoa kwa waraibu wa heroini. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Kidongo Chekundu, Unguja. Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na huduma ikafika Malindi mwaka 2015. Sambamba na kliniki hizo zipo nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, ambako mtu hukaa miezi kadhaa bila kutumia kilevi chochote, akiongozwa na wenzake waliotangulia kupona.

Njia hizi mbili hutofautiana katika kila kitu isipokuwa tatizo la saa. Kliniki ya methadoni hufunguliwa mapema. Mgonjwa hufika dirishani, hutambuliwa kwa kadi yake, hupewa kikombe chenye dawa ya maji iliyopimwa kwa miligramu, hukinywa mbele ya mhudumu na kutamka neno moja au mawili ili ionekane kuwa amemeza. Shughuli nzima ni ya dakika chache. Saa tatu asubuhi ameshatoka getini, mwili umetulia, hana arosto na hana deni la kete, lakini hana pa kwenda mpaka kesho. Wenzake wa maskani wanaijua njia anayopita, na muuzaji anaijua pia. Kwenye soba saa zina mpangilio zaidi, kwa kuwa kuna vikao, usafi, mapishi na ibada. Hata hivyo alasiri huwa ndefu, na siku ya kuondoka soba pengo lile lile huwa linamsubiri mtu nje ya geti.

Katika ubongo, uraibu huvuruga mfumo unaomfanya mtu apate raha na kutaka kuirudia. Kemikali kuu ya mfumo huo ni dopamini. Chakula, mapenzi, sifa na ushindi huongeza dopamini kwa kiasi; kokeni, heroini na hasa methamfetamini huiongeza kupita kiasi. Mafuriko hayo yakijirudia kwa miezi na miaka, ubongo hujikinga kwa kupunguza vipokezi vya dopamini. Matokeo yake mtu aliyeacha dawa huona kila kitu hakina ladha. Wali wa sikukuu, mtoto anayecheka, hata mshahara, havimgusi kama vilivyokuwa vikimgusa. Wengi hurudi kwenye dawa katika kipindi hiki, ingawa arosto ilishapita zamani, kwa sababu maisha bila dawa yanaonekana hayana maana.

Mazoezi hugusa mfumo huo huo taratibu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya watu 19 waliokuwa wakitibiwa uraibu wa methamfetamini. Kundi moja lilifanya mazoezi ya saa moja, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Jingine lilipewa elimu ya afya kwa muda huo huo. Picha za ubongo zilionyesha kuwa vipokezi vya dopamini aina ya D2 na D3 viliongezeka zaidi kwa waliofanya mazoezi. Watu 19 ni wachache, na methamfetamini haifanyi kazi sawasawa na heroini, kwa hiyo matokeo hayo hayatoshi kutangazia tiba. Yanachoonyesha ni kwamba ubongo uliochoshwa na dawa unaweza kurudisha sehemu ya ulichopoteza, na kwamba kuutumia mwili kunaweza kusaidia.

Zipo faida nyingine ambazo mgonjwa huziona mwenyewe. Mwendo wa haraka wa dakika kumi au kumi na tano hupunguza hamu ya sigara kwa muda mfupi. Jambo hilo limeonekana katika majaribio mengi. Hamu huja kwa mawimbi, na anayeweza kulivuka wimbi moja ana nafasi ya kuvuka la pili. Usingizi, ambao huwatesa wanaoacha heroini kwa wiki au miezi, huwa mzuri zaidi kwa mtu aliyechoka kwa kutembea kuliko kwa aliyeshinda amelala. Methadoni ina maudhi yake pia: choo kigumu, jasho jingi, na kwa baadhi ya watu kuongezeka uzito. Mazoezi na maji ya kutosha husaidia choo na uzito. Huzuni na wasiwasi, ambavyo mara nyingi vilikuwepo kabla ya dawa na hubaki baada yake, navyo hupungua kwa mazoezi ya mara kwa mara.

Hapo ndipo watetezi wengi wa michezo huishia, na hukosea kuishia hapo, kwa sababu ushahidi una upande wa pili. Mwaka 2019 mapitio ya mtandao wa Cochrane yalikusanya majaribio 24 yenye washiriki zaidi ya 7,000 waliokuwa wakiacha sigara. Hayakupata ushahidi kwamba kuongeza mazoezi juu ya msaada wa kawaida kulizidisha idadi ya waliofanikiwa kuacha moja kwa moja. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 liliwafuatilia kwa miezi tisa watu 302 waliokuwa wametumia kokeni na vichangamshi vingine. Nusu walipewa mazoezi, nusu elimu ya afya. Hesabu kuu haikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika siku walizokaa bila kutumia. Ilipozingatiwa ni nani hasa aliyehudhuria, ikaonekana nafuu ndogo upande wa waliofanya mazoezi kweli.

Matokeo hayo hayaiondoi michezo katika tiba, ila yanaiweka mahali pake. Mazoezi yanayotolewa kama dozi, kila mtu na mashine yake na dakika zake, hayana nguvu ya kutosha kumzuia mtu asirudie, kwa sababu anayeyahitaji zaidi ndiye anayeacha kuhudhuria mapema. Swali linalobaki ni nini humfanya mtu arudi uwanjani kesho. Mashine ya kukimbilia haimuulizi mtu jana alikuwa wapi. Wachezaji wenzake watamuuliza.

Mipango iliyodumu imejengwa juu ya jibu hilo. Mwaka 2006 Scott Strode, Mmarekani aliyejitoa katika kokeni na pombe kupitia ndondi na kupanda milima, alianzisha Phoenix katika jimbo la Colorado. Masomo ya ndondi, kunyanyua vyuma, baiskeli na kupanda miamba hutolewa bure. Kiingilio ni kimoja: mtu awe amekaa saa 48 bila pombe wala dawa. Mwaka 2012 Craig Mitchell, jaji wa mahakama ya Los Angeles, alianza kukimbia alfajiri na watu wa Skid Row, mtaa wa jiji hilo unaojulikana kwa wasio na makazi na kwa dawa za kulevya. Mwaliko ulitoka kwa mtu ambaye jaji huyo alikuwa amemfunga, na ambaye baada ya kutoka gerezani alikuwa akijengeka upya katika kituo cha msaada mtaani hapo. Klabu iliyozaliwa hapo imewapeleka wanachama wake kukimbia marathoni hadi nje ya Marekani, na mwaka 2017 ilitengenezewa filamu. Katika mipango yote miwili tiba ya kitaalamu imeachiwa wataalamu wenyewe. Michezo hutoa saa ya kukutana, watu wa kukutana nao, na utambulisho mpya, kwa maana kwamba aliyekuwa mtumiaji au mfungwa sasa ni mkimbiaji.

Afrika Mashariki haihitaji kuagiza mfumo huo kutoka nje, kwa sababu malighafi yake iko mitaani. Dar es Salaam ina vikundi vingi vya jogingi ambavyo alfajiri ya Jumapili hujaza barabara kwa fulana za rangi moja na nyimbo za mchakamchaka. Vingi vina viongozi, vina mfuko wa kusaidiana kwenye misiba na ugonjwa, na hutembeleana mtaa kwa mtaa. Zanzibar huadhimisha Januari 1 kama siku ya mazoezi, vikundi vya Unguja na Pemba vikitembea pamoja. Soka la mchangani lina timu karibu kila kata, na mashindano ya ndondo huvuta umati ambao baadhi ya viwanja vya ligi havijawahi kuuona. Kwa mraibu anayepona, kikundi cha aina hii ni bora kuliko timu ya waraibu watupu. Timu ya soba ni mwanzo mzuri, kwa kuwa huko hakuna haja ya kujieleza. Ikibaki hapo tu, hugeuka maskani nyingine yenye mpira, maana kila anayefahamiana na mchezaji ni mtu wa unga au aliyekuwa wa unga. Lengo liwe kumvusha hadi kwenye kikundi ambacho wengi wake hawajawahi kugusa kete.

Kuvuka huko si kwepesi, kwa sababu mtaa una kumbukumbu. Aliyeiba redio ya jirani miaka mitatu iliyopita hapokelewi kwa sababu tu amevaa jezi. Hata hivyo uwanja una njia zake za kurudisha heshima ambazo ofisi haina. Mchezaji hufika saa kumi jioni kama ilivyokubaliwa, hufunga nyavu, huhesabu bipsi na kuzirudisha zote. Kocha humpanga, au humweka benchi na kumwambia sababu. Refa humpa kadi kwa kosa alilofanya leo, bila kuangalia la mwaka juzi. Mechi ya pili au ya tatu, watazamaji waliokuwa wakimwita teja huanza kumwita kwa jina au kwa nafasi anayocheza. Fedha nazo huanza kupita mikononi mwake: leo anakusanya michango ya maji, mwezi ujao anashika kitabu cha mahudhurio. Majukumu madogo kama hayo humfundisha kuaminiwa, na huwafundisha wengine kumwamini, kabla hajapata ajira.

Aina ya mchezo ina uzito wake pia. Soka la watu 11 huwaacha wengi nje ya mstari, na wanaoachwa kwanza ni wale waliodhoofika. Kombe la Dunia la Wasio na Makazi, lililoanza Graz, Austria, mwaka 2003 na ambalo huwapokea pia watu walioko katika tiba ya pombe na dawa za kulevya, hutumia uwanja mdogo wenye watu wanne kila upande, na vipindi viwili vya dakika saba. Mfumo huo unafaa kliniki na soba. Eneo dogo linatosha, pumzi fupi inatosha, na kila mtu hugusa mpira. Kutembea, kukimbia polepole, kuogelea na mazoezi ya viungo yanayofanywa kwa pamoja yanafaa kwa ambao mpira haujawahi kuwa wao.

Kuanza kunahitaji mpangilio. Siku za kwanza za kuacha si za kukimbia. Anayepita arosto ya heroini hupoteza maji kwa kutapika na kuharisha, na anahitaji maji, chakula na kupumzika. Kutembea dakika chache kivulini kunatosha. Kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi hatari ni kubwa zaidi: kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Huyo anahitaji hospitali kabla ya uwanja. Waliojidunga kwa miaka wanaweza kuwa na maambukizi katika vali za moyo, majipu, au mishipa ya miguu iliyoharibika. Methadoni kwa dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu. Kifua kikuu kisichotibiwa nacho huwaambukiza wengine katika chumba kimoja cha mazoezi. Kwa hiyo uchunguzi wa daktari hutangulia, na kuzimia au kuumwa kifua ni sababu ya kusimama. Baada ya hapo lengo la kawaida la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hufikiwa kwa kupanda ngazi kwa miezi, wala si kwa wiki mbili za ari.

Kuna hatari moja ambayo afya njema huificha. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake. Kijana aliyecheza miezi mitatu, akanenepa na kupata misuli, akirudia na kutumia kiasi kile kile alichozoea zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa, na uimara wake uwanjani haumsaidii chochote. Kila kocha anayefanya kazi na waraibu anapaswa kulijua hilo na kulisema wazi kwa wachezaji. Kwa sababu hiyo hiyo, kumhimiza mgonjwa aache methadoni kwa kuwa sasa ni mwanamichezo ni kumweka hatarini. Methadoni hupunguzwa au kuachwa kwa makubaliano na daktari, na wapo wanaoendelea nayo kwa miaka huku wakifanya kazi na kucheza vizuri.

Michezo yenyewe ina vilevi vyake. Bia ilidhamini soka la ukanda huu kwa muda mrefu: Kilimanjaro kwa Taifa Stars, Simba na Yanga, Tusker kwa ligi kuu ya Kenya. Kampuni za kubashiri zikafuata, na mwaka 2017 jina la SportPesa lilikuwa kifuani mwa Simba, Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards kwa pamoja. Mchezaji anayetoka kwenye unga hukutana na kreti ya bia baada ya ushindi na mkeka wa kubeti kabla ya mechi. Kamari si mchezo mdogo kwake. Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliihamishia katika kundi moja na uraibu wa dawa, kwa kuwa hugusa mfumo ule ule wa ubongo. Timu inayopokea watu wanaopona inapaswa kukubaliana mapema kuwa zawadi si pombe na kwamba kubeti kwenye mechi zake ni marufuku. Majeraha nayo yaangaliwe: vidonge vya tramadoli vinavyotolewa ovyo kwa maumivu ya goti ni vya jamii ya afyuni.

Wanawake huachwa nyuma katika haya yote. Kliniki huwaona wachache kuliko walivyo mitaani, kwa kuwa aibu kwao ni kubwa zaidi na wengi wana watoto wa kulea. Uwanja uliojaa wanaume, ambao baadhi yao walivuta nao au waliwadhulumu, hauwezi kuwa mahali pao pa kuponea. Netiboli, rede au mazoezi ya viungo katika ua uliofungwa, kwa saa ambazo watoto wako shule na mwalimu akiwa mwanamke, yatawafikia wengi kuliko tangazo linalosema kila mtu anakaribishwa.

Swali gumu kuliko yote ni la anayerudia. Kumtimua kunalinda wenzake na kulipa kundi msimamo. Kumbakiza akiwa amelewa kunaivunja timu. Kanuni ya saa 48 ya Phoenix inatoa njia ya kati inayofaa kuigwa: aliyetumia leo hachezi leo, na siku ya tatu mlango uko wazi bila hotuba. Kurudia ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huu. Mpango unaomfukuza mtu kwa dalili ya ugonjwa wake humrudishia zile saa tupu ulizokuwa umemjazia.

Gharama si kubwa. Kinachohitajika ni ratiba inayoanza pale dozi inapoisha, kwa mfano saa tatu na nusu asubuhi, umbali wa kutembea kutoka dirishani. Kocha anayelipwa, ikiwezekana mmoja wa waliopona. Nauli na uji kwa anayekuja na njaa. Na makubaliano ya maandishi na vikundi vya mtaa vitakavyowapokea waliotulia. Mwezi wa Ramadhani ratiba husogezwa kufuata futari. Halmashauri zinadaiwa jambo moja zaidi: kuvilinda viwanja vya wazi vinavyogeuzwa fremu za biashara na maegesho. Mafanikio yapimwe kwa mahudhurio, kwa idadi ya wagonjwa wanaobaki kwenye methadoni baada ya mwaka, na kwa idadi ya waliovuka kutoka timu ya soba hadi kikundi cha mtaa. Makombe na picha za ufunguzi havipimi chochote kati ya hayo.